Mama Kizingiti Anakabidhi Chumba cha Watoto

Tarehe 30 ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na saba ya kulea watoto wa mafundi wa jengo letu, Mama Kizingiti atafunga mlango wa chumba cha nyuma ya ngazi, atakabidhi ufunguo, na atastaafu. Jarida la ushirika limezoea kuwaaga watu kwa nusu ukurasa na picha. Safari hii kamati imetoa nafasi zaidi, na mtu mmoja anayehusika, ambaye msomaji atamfahamu mbele, ameomba yaandikwe yote, siyo yale ya kuchekesha peke yake. Tumejitahidi.

Kwa waliojiunga karibuni, tuanze na jina. Jina lake halisi liko kwenye kadi ya ushirika na halijawahi kutumika. Aliitwa Mama Kizingiti kwa sababu ya namna alivyokaa: kwenye kigoda, katikati ya mlango, mguu mmoja ameunyoosha mpaka mwimo wa pili, mikono ikichambua maharage au ikifunga kamba za viatu vya mtu. Mtoto anayetambaa akiufikia ule mguu aligeuka mwenyewe. Watu wazima waliomba njia, na si kila aliyeomba alipewa.

Jengo letu lilikuwa ghala kabla ya kuwa karakana. Chini wako wachomeleaji na maseremala. Juu wako mafundi cherehani, wasusi, vinyozi, fundi simu na mchora mabango. Wote ni watu wa kujiajiri, yaani asiyefika kazini hana wa kumlipia siku hiyo wala wa kumfukuza. Tena wengi wetu tulifika mji huu kutoka mbali, kwa sababu ambazo kwa adabu hatuulizani. Mtu anayehama kwa haraka huililia kwanza nyumba, na vitabu vyake kama alikuwa navyo. Baadaye, akipata mtoto, ndipo anapogundua kwamba alichokiacha hasa ni shangazi: yule mtu wa kukabidhiwa mtoto asubuhi bila maelezo na bila shukrani.

Mama Kizingiti mwenyewe alifika kama mfagiaji wa ngazi, kitinda mimba wake akiwa mgongoni. Siku moja msusi wa ghorofa ya kwanza alimwomba amshikie mwanawe dakika mbili. Wazee wa jengo wanajua kwamba dakika mbili za hapa kwetu huisha jioni. Kesho yake akaja msusi wa pili, kisha mke wa seremala, kisha kinyozi mmoja mjane ambaye alikuwa akinyoa watu huku mtoto amefungwa kwa kanga kwenye mguu wa kiti. Mwaka haukuisha ngazi zikawa chafu kupita kiasi, mkutano ukaitishwa kulalamika, na baada ya mabishano ukaamua jambo la busara: atafutwe mfagiaji mwingine, na mama huyu apewe stoo ya magunia iliyo nyuma ya ngazi.

Utaratibu wa chumba ulikuwa wake. Kila mzazi alitoa mchana mmoja kwa wiki kukaa naye na watoto, na hakukubali mbadala wala visingizio. Mchomeleaji mkubwa wa ghorofa ya chini, mtu wa kifua na masizi, aligunduliwa kuwa ndiye bingwa wa kulaza vichanga. Alikuwa akinguruma kama mashine yake na wao wakasinzia. Msusi mmoja, kwa kuchoka kukaa bure, aliwasuka watoto wote waliokuwa chumbani, wavulana kwa wasichana, na jioni ile baba wawili walisimama mlangoni wakiwatafuta watoto waliokuwa mbele yao. Fundi simu alileta simu mbovu ziwe vitu vya kuchezea. Wiki iliyofuata mteja alipofuata simu yake, nzima kabisa, ilipatikana chumbani imelazwa kwenye mto na imenyweshwa uji. Fundi simu alilalamika. Mama Kizingiti alimjibu kwamba simu ililia, na kwake anayelia hulishwa.

Tunacheka mpaka leo. Lakini utaratibu ule ulikuwa na kipengele kimoja ambacho hakukitunga yeye. Tulikitunga sisi.

Mwanzoni alikuwa akiita. Mtoto akikataa kula, akiwa na mafua, akimtaja mama yake mara nyingi mno, alimtuma mtu juu kumwita mzazi. Mzazi alishuka, na mteja aliyeachwa nusu kichwa au nusu suruali alinung'unika. Siku moja mteja wa msusi aliondoka na upande mmoja wa nywele umesukwa, akapita nao soko zima akieleza ni saluni gani. Tukakutana, tukakubaliana kwa kauli moja: asiite mtu ila kwa damu au moto. Tuliyasema maneno hayo kwa majivuno, kama watu waliopata ufumbuzi. Mafundi cherehani wakaongeza lao la siku zote, kwamba fundi mwenye pini mdomoni hasemeshwi, awe anatafutwa na nani. Mama Kizingiti alisikiliza, akasema sawa. Homa si damu wala si moto, na kati yetu hakuna aliyeuliza habari ya homa.

Katika mwaka wake wa tisa palikuwa na mtoto wa kike wa fundi wa magauni ya harusi, ambaye hapa tutamwita Fundi wa Harusi kama anavyoitwa na wateja. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na jina lake la chumbani lilikuwa Kasuku. Alirudia kila alichokisikia: bei za vinyozi, matusi ya mchomeleaji, dua za mke wa seremala, vyote kwa sauti ileile ya furaha. Baba yake alikuwa ameondoka. Mama mtu alikuwa na cherehani moja, binti mmoja, na juma lile alikuwa na maharusi wawili.

Asubuhi hiyo Fundi wa Harusi alimshusha mtoto akasema, kama wazazi wote wanavyosema, kwamba leo asiitwe hata paa likianguka. Mtoto hakuyarudia maneno hayo. Mama Kizingiti amewahi kusema kwamba hilo ndilo lililomshtua kwanza. Kufikia mchana Kasuku alikuwa amelala kifudifudi kwenye kona yenye giza, anawaka, na alipogeuzwa kuelekea dirisha alilia na kufunika macho. Shingo haikutaka kukunjwa. Alipanguswa kwa kitambaa cha maji, akafunikwa, akafunuliwa. Saa za alasiri alianza kutetemeka mwili mzima. Mama Kizingiti alimkabidhi mchomeleaji watoto wengine, akamfunga yule mgongoni, akatoka mbio kwa miguu yake mwenyewe, na kwa umri huo tayari hakuwa mwanamke wa kukimbia.

Fundi wa Harusi alifika hospitali jioni, vipande vya uzi vikiwa bado vimemganda kwenye nguo. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Daktari alisema mtoto ataishi. Kisha akawatazama wanawake wale wawili na kuuliza, bila ukali, kwa uchovu tu, kwa nini wamemchelewesha.

Mama Kizingiti alimjibu, "Mimi ndiye niliyechelewa, daktari."

Jibu lile lilifika jengoni kabla yake na likakaa. Kasuku alitoka hospitali akiwa hasikii, sikio hili wala lile. Jina lake la chumbani liliacha kutumika siku hiyohiyo, bila mkutano.

Yaliyofuata hayapendezi, na wengi waliohusika wangali hapa. Wapo walioondoa watoto wao. Wapo waliosema mbele yake, wakijifanya wanazungumza na mtu mwingine, kwamba kuna watu hukabidhiwa roho za wenzao wakazifanya mzigo wa kuni. Mke wa seremala, ambaye mwanawe alijifunzia kutembea kwenye mikono ile, aliacha kumpa mkono. Mama Kizingiti hakujitetea. Alikaa mlangoni na mguu wake, akiwa na watoto wanne badala ya ishirini, akichambua maharage.

Kisha walioondoa walirudi, mmoja mmoja, macho chini. Hawakurudi kwa kusamehe. Walirudi kwa sababu hapakuwa na pengine pa kumweka mtoto wakati mtu anatafuta mkate wake. Fundi wa Harusi naye alirudi. Alimweka binti yake ndani ya mlango, akageuka akapanda ngazi bila salamu. Alifanya hivyo kila asubuhi ya kazi mpaka mtoto alipofika umri wa shule, na baada ya hapo hata akikutana na mlezi wake kwenye ngazi alisogea upande wa ukuta na kupita. Sisi tuliona ni haki yake. Tulimwonea huruma, tukamsifu kwa uvumilivu.

Ndani ya chumba, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Mama Kizingiti alimtafuta mwalimu wa watoto viziwi, akamsihi aje Jumamosi, na akajifunza lugha ya mikono akiwa mtu mzima ambaye hata kusoma alikuwa ameanza ukubwani. Watoto walimpita kwa kuijua ndani ya wiki chache. Mchomeleaji alijifunza kwa sababu karakana yake haina wakati wa kusikilizana. Kuna kizazi kizima cha watoto wa jengo hili ambao hadi leo, wakionana ng'ambo mbili za barabara yenye magari, huzungumza kwa mikono na kuachana wakicheka, na wapita njia hawajui walichosemezana. Hilo ni tunda la kazi yake, na tungependa lihesabiwe kwanza kati ya mafanikio yake. La pili ni kwamba katika miaka yote iliyofuata hakuna mtoto mwingine aliyeumia mikononi mwake. Baada ya siku ile alivunja kanuni yetu kimyakimya. Aliita kwa kikohozi. Aliita kwa mtoto aliyekataa maji. Tulishuka, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha tulichokubaliana.

Kitinda mimba wake aliyekuja naye mgongoni alikua katikati ya watoto wa watu, akipata mguu wa mama kama walivyoupata wengine, zamu kwa zamu. Sasa yuko mji mwingine na ana mtoto wake. Mama anakwenda kwake. Magoti yamekataa kigoda.

Mwezi uliopita tulikutana kuamua hatima ya chumba. Fundi simu, ambaye siku hizi ni mwenyekiti na ana mvi, alileta hoja kwamba chumba kifungwe na kupangishwa kama stoo, kwa kuwa hakuna aliyejitokeza kukishika. Nyuma walikaa akina mama vijana wa saluni na wa cherehani, vichanga mapajani. Kila mmoja wao alikuwa anapiga hesabu ileile: chumba kikifungwa, ama atamwacha mtoto au ataiacha kazi. Mama Kizingiti aliketi mbele, kwa heshima, kwenye kiti chenye mgongo. Fundi wa Harusi alikaa karibu na dirisha na binti yake, ambaye sasa ni msichana mkubwa na ndiye anayemkatia vitambaa. Mchomeleaji, mzee tayari, alisimama pembeni akimtafsiria kwa mikono yake mipana.

Kinyozi kijana, mtu mwema na mwenye watoto pacha, alisimama kutetea chumba. Alisema kibaki, ila kiwe na masharti. "Pamoja na heshima zako zote, mama," alisema, "lakini tusije tukarudia lile kosa lako. Sote tunajua yaliyotokea."

Mama Kizingiti aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa jina lake.

Fundi wa Harusi akasimama. Alimwambia kijana akae kidogo.

"Mama alikuja," alisema. "Siku ile, mchana, kabla mtoto hajaanza kutetemeka. Alisimama mlangoni kwangu. Nilikuwa na pini mdomoni, bibi harusi yuko juu ya stuli, shangazi zake wanaangalia saa. Nilimtazama usoni nikajua ni mtoto. Nikamwinulia mkono arudi."

Mikono ya mchomeleaji ilisimama hewani. Alimtazama msichana, akamtazama mama yake, akaishusha. Basi Fundi wa Harusi akamgeukia binti yake, akayasema tena yote kwa mikono, polepole, tangu mlangoni mpaka ule mkono ulioinuliwa. Mkono ule haukuhitaji kutafsiriwa. Aliuinua kama alivyouinua siku ile, kiganja mbele, na chumba kizima kikauona.

Mtu alimuuliza kutoka nyuma kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Alijibu bila kugeuka, "Daktari aliuliza, mama akajibu. Nikaona jibu limepatikana."

Msichana alikuwa bado anautazama mkono wa mama yake. Kisha akauliza kitu kwa mikono, kifupi. Tuliojifunzia lugha hiyo kwenye zamu zetu tulikielewa, na wasiokielewa waliwauliza wenzao baadaye. Aliuliza: gauni lilimkaa vizuri?

Fundi wa Harusi aliitikia kwa kichwa. Lilimkaa.

Mwenyekiti alipekua karatasi zake ambazo hazikuwa na kitu. Ni Mama Kizingiti aliyeurudisha mkutano kwenye ajenda. "Basi, yamesemwa," alisema. "Sasa semeni nani anashika chumba. Mwezi ukianza watoto watakuja, na hawatauliza mlikuwa mnagombania nini."

Mwenyekiti aliondoa hoja yake. Wawili kati ya wale wa nyuma, msusi mdogo na mshonaji wa sare za shule, walikubali kukishika kwa kupokezana. Kanuni ya damu au moto imefutwa rasmi, ingawa miaka mingi baada ya kustahili kufutwa. Mahali pake pamewekwa neno lililoletwa na Fundi wa Harusi: anayeitwa anashuka, awe na mteja gani, awe na nini mdomoni. Kila fundi atamweleza mteja wake hivyo kabla ya kumkalisha kwenye kiti. Wateja wengine wataondoka. Hatujui kama tutaweza kuishi na sharti hilo msimu wa harusi ukifika, na itakuwa uongo kuandika hapa kwamba tunajua.

Wanaotarajia kusoma kwamba wanawake wale wawili walikumbatiana watuwie radhi. Mkutano ulipokwisha mmoja alishuka kwa ngazi za mbele na mwingine kwa za nyuma. Msichana alibaki, akapanga viti.

Tulipokuwa tunaandaa wasifu huu tulimwendea Mama Kizingiti kumuuliza kwa nini alibeba jambo ambalo halikuwa lake peke yake. Alikuwa anakunja mablanketi madogo na hakuacha kukunja. Alisema naye alichelewa, kwa sababu baada ya kurudishwa mlangoni alikaa na mtoto chumbani badala ya kwenda hospitali saa ileile. Kwa hiyo asipewe utakatifu asiokuwa nao. Kuhusu mengine alisema hivi: "Mimi kuchukiwa nilikuwa naweza. Yeye bado alikuwa na mtoto wa kulea."

Kwa hiyo tunamshukuru, na tunajua tunamshukuru kwa kuchelewa. Tunamshukuru kwa watoto waliojifunza kutembea, kula na kunyamaza mikononi mwake ili wazazi wao wapate kusimama kwenye meza zao za kazi. Tunamshukuru kwa kuwa shangazi wa watu walioacha shangazi zao mbali. Waliomnyima mkono wanaombwa, kabla ya tarehe 30, wapite nyuma ya ngazi. Hatawatoza maelezo.

Mama, huko uendako utalea mjukuu mmoja tu, na mama yake atakuwa chumba cha pili. Nenda ukazeeke vizuri. Tunakutakia miaka mingi ya usiku ambao mtoto akilia, kuna mwingine wa kuinuka.